GB moja, pambano moja: London 2007 au New York 2021?

Ijumaa jioni mpwa wangu alinitumia ujumbe. "Shikamoo mjomba. Nimenunua bando la wikiendi, GB moja na ushee. Nataka kuona hiyo mieleka unayoisifia kila siku. Nipe pambano moja tu, usinitajie kumi." Nikamjibu marahaba, nikaweka simu mezani, na chai ikapoa nikiwa bado sijamjibu swali lake.

Yeye ni wa kizazi kinachomjua John Cena kwa kupunga kiganja mbele ya uso, ile ya "hamnioni". Hajawahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza akimngoja Undertaker atokee gizani. Ukimpa pambano baya la kwanza, umempoteza. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: nisimpe WrestleMania wala usiku wowote mkubwa wa namna hiyo, ambao fataki na viwanja vya watu 80,000 vinafanya nusu ya kazi. Nimpe pambano la kipindi cha kila wiki. Raw ya WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, imekuwa ikirushwa Jumatatu tangu tarehe 11 Januari 1993, SmackDown ya kampuni hiyo hiyo ilianza 1999, na Dynamite ya AEW, kampuni pinzani, ikaingia Oktoba 2019 na kujichukulia Jumatano. Huko kwenye vipindi vya wiki ndiko mieleka inakolelewa, na ndiko inakoharibika pia.

Kipindi cha wiki kina kazi moja, kukufanya urudi wiki ijayo. Ndiyo maana mapambano mengi humo ni ya dakika tano, sita, nane. Yakianza kunoga yanakatwa na matangazo ya biashara, na yakikaribia kuisha anatokea mtu wa tatu na kiti mkononi, refa anapiga kengele, mshindi hakuna. Ni kama sahani ya mama ntilie: wali umejaa, mchuzi upo, nyama unaitafuta kwa kijiko. Siku akikupa vipande vinne bila kuomba, unajua leo kuna jambo.

Mapambano mawili ndiyo yaliyobaki mezani. Nitasema nani alishinda, maana hayo si mambo ya jana, na pambano linaloharibika kwa kujua mwisho wake halikuwa pambano zuri tangu mwanzo.

La kwanza ni Shawn Michaels na John Cena, Raw ya tarehe 23 Aprili 2007, ukumbi wa Earls Court, London. La pili ni Kenny Omega na Bryan Danielson, Dynamite ya tarehe 22 Septemba 2021, uwanja wa Arthur Ashe kule Queens, New York, ule wanaochezea fainali za tenisi za US Open.

Nianze na London. Wiki tatu kabla, tarehe 1 Aprili, hawa wawili walikuwa wamefunga usiku wa WrestleMania 23 kule Detroit. Cena alishinda kwa kumkaba Michaels mpaka akagonga turubai kusalimu amri. Kilichonogesha ugomvi wao ni kwamba walielekea Detroit wakiwa bado washirika, wameshika pamoja mikanda ya timu. Kwa hiyo hapa huna adui. Una masteringi wawili, na mmoja ana deni.

Cena wa wakati ule alikuwa bingwa, na nusu ya ukumbi ilikuwa ikimzomea kila wiki. Lawama yao ilikuwa moja: anajua mitindo mitano tu, ikiisha hiyo anarudia. Wanawake na watoto wanaimba "twende Cena", wanaume wanajibu kwamba hafai, na hivyo hivyo mpaka kengele ya mwisho. London nayo ilimpokea hivyo hivyo. Na siku hiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 30. Zawadi aliyopewa ni karibu saa nzima ulingoni na mzee wa miaka 41 asiyejua kufanya kazi nusu nusu.

Robo saa ya kwanza ndiyo itakayokuamulia kama mieleka ni yako au si yako. Hakuna kuruka wala meza kuvunjika. Wanashikana mikono, wanakabana kichwa, mmoja anasukumwa kwenye kamba, anarudi, anaangushwa kwa bega, wanaanza upya. Mtu mwenye haraka atasema hakuna kitu hapo. Lakini tazama miguu ya Cena. Kila anapofanikiwa kuchomoka kwenye kabari anajiamini zaidi, na Michaels kila akichomokewa anabadilisha uso kidogo. Yule kijana wa mitindo mitano anamjibu fundi kwa lugha ya ufundi. Zomea zomea inapungua pole pole, si kwa sababu wameanza kumpenda, ila wameshughulika kutazama.

Ikifika katikati wote wawili wanatembea kama watu waliotoka kubeba magunia. Jasho limelowesha nywele za Michaels mpaka zimeshikana mashavuni. Jim Ross, mtangazaji mwenye sauti ya mchungaji wa ng'ombe wa Oklahoma, anaacha kupiga kelele na kuanza kuongea taratibu, kama mtu anayesimulia mazishi ya mtu aliyemheshimu. Mwisho unakuja kwa lile teke la Michaels la kidevuni, bingwa anaanguka, mabega chini, refa anahesabu moja, mbili, tatu, na ndiyo kushindwa. Mkanda haukuwa rehani, kwa hiyo Cena aliondoka nao kiunoni. Deni la Detroit lililipwa, na siku sita baadaye wote wawili walikuwa kwenye pambano la watu wanne pamoja na Edge na Randy Orton.

Sasa New York. Danielson alikuwa ametoka WWE mwaka huo huo, kule alikoitwa Daniel Bryan, na alijitokeza AEW tarehe 5 Septemba. Hili lilikuwa pambano lake la kwanza huko. Omega, Mkanada wa Winnipeg aliyejijengea jina Japani, alikuwa bingwa. Mkanda wake nao haukuwekwa rehani. AEW haikuwahi kuingia New York na kipindi chake kabla ya usiku huo, na watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameketi, au niseme walikuwa wamesimama, kwani sikumbuki kuona mtu amekaa.

Pambano liliwekwa mwanzoni kabisa mwa kipindi. Kengele ikalia, na hawa wawili hawakufanya kitu. Walisimama katikati ya ulingo wakitazamana. Kelele ikapanda. Wakaendelea kutazamana. Kelele ikapanda tena. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko mateke yote yanayofuata, kwa sababu ndiyo siri ya kazi hii: watu wawili wamesimama bila kugusana, na uwanja mzima umeshajaa kama sufuria ya maziwa dakika moja kabla hayajamwagika.

Baada ya hapo ni kipigo. Omega anamchapa Danielson makofi ya kifuani mpaka kifua kinakuwa chekundu kama nyama ya buchani. Watu wa "wanaigiza tu hao" wanakaribishwa waje waeleze rangi ile. Ndiyo, mshindi hupangwa, kila mtu mzima anajua. Lakini kofi haliigizwi, wala kuangukia shingo hakuigizwi. Danielson naye anajibu kwa mateke ya kifua na ya mapaja, anamkunja viungo, anavuta. Kuna wakati Omega anakimbia urefu wote wa njia ya kuingilia ulingoni, mbio za mtu aliyechelewa daladala, na kumalizia kwa goti usoni. Uwanja mzima unaiona inakuja, na Danielson hana pa kwenda.

Halafu saa inaisha. Pambano lilikuwa na ukomo wa dakika 30, mtangazaji wa ulingoni alikuwa akitaja muda uliobaki, na kengele ikalia wakiwa bado wanachapana. Sare. Wenzao wakaingia ulingoni, vurugu ikafuata, kipindi kikaendelea.

Sasa weka moja kando ya jingine.

Wanafanana pale ambapo hukutegemea. Michaels aliumia mgongo mwaka 1998 na akakaa nje miaka minne kabla ya kurudi 2002. Danielson alitangaza kustaafu Februari 2016 kwa sababu ya kuumia kichwa mara nyingi, akaruhusiwa kurudi 2018. Kwa hiyo katika kila pambano kuna mtu aliyekwisha kuambiwa mwili wako umemaliza kazi, na ukishajua hilo, kila anapoanguka unakunja uso bila kutaka. Kingine kinachowaunganisha ni sauti: Jim Ross yule yule wa London yumo pia kwenye meza ya watangazaji New York, miaka 14 baadaye, pamoja na Tony Schiavone na Excalibur.

Wanatofautiana kwenye saa. London haikuhesabiwa dakika. Inajinyoosha, na urefu wenyewe ndio hadithi: nani atachoka kwanza. New York ilipimwa kwa kisu tangu mwanzo, na dakika tano za mwisho unajikuta unatazama saa kuliko unavyowatazama wao. Kwa mtu asiye na subira, New York inashinda hapa bila ubishi. Ukiingia dakika ya kwanza umeshanaswa. London inakuomba robo saa ya imani, na si kila mtu anakopesha.

Kwenye mwisho, mizani inageuka. London inakupa jibu. Mtu aliyedhalilishwa Detroit analipiza, refa anahesabu tatu, unaenda kulala. New York inakunyima. Wapo wanaosema sare ile ndiyo ilikuwa sahihi, kwamba hakuna aliyestahili kupoteza, na mhakiki Dave Meltzer aliipa nyota tano. Sikatai. Lakini mpwa wangu ni mtu wa mpira. Nikimpa nusu saa ya kipigo halafu nimwambie hakuna mshindi, atanitumia kile kikatuni cha mtu anayelia machozi, na atakuwa na haki yake. Hata mashabiki wa zamani walihitaji kuzoea. Desemba ya mwaka ule ule Danielson alirudia mchezo huo na bingwa mpya, Hangman Page, saa nzima, sare tena.

Halafu kuna suala la kinachohitajika kujulikana kabla. London ukiingia mtupu utaelewa, maana mzee na kijana wakigombania heshima ni jambo ambalo kila ukoo unalo. New York inategemea ujue kwamba Danielson ametoka kampuni nyingine na kwamba watu walikuwa wameota pambano hilo kwa miaka. Usipojua, utaona tu watu 20,000 wamepagawa na hutajua kwa nini. Kelele ile ni nusu ya utamu, na ni kelele ya watu waliosubiri.

Bando nalo lina neno lake. Kwa picha ya kiwango cha kati, saa nzima ya London inaweza kumeza nusu GB au zaidi. New York ni karibu nusu ya hapo. Ukitumia picha kali usiguse London kabla hujafika kwenye Wi-Fi ya mtu.

Kama yote mawili hayakufai, zipo njia za pembeni, na nitazipitia haraka.

Ukipenda hesabu kama za ligi, tafuta Brock Lesnar na Kurt Angle, SmackDown iliyorushwa tarehe 18 Septemba 2003. Dakika 60, kila ushindi ni pointi, anayepata nyingi ndiye bingwa. Angle alikuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta 1996, Lesnar bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2000, kwa hiyo mieleka halisi wanaijua. Nilichokipenda ni ujanja wa Lesnar: anampiga Angle kwa kiti makusudi, anamwachia pointi moja kwa kuvunja sheria, halafu anavuna kadhaa kutoka kwa mtu aliyeumizwa. Huyo ndiye adui mwenye akili. Lesnar alishinda 5 kwa 4, na Angle akiwa amemng'ang'ania kifundo cha mguu saa ikimalizika. Lakini katikati kuna kipande kirefu cha kupumzika, na kwa mgeni ni kazi.

CM Punk na Cena, Raw ya tarehe 25 Februari 2013 kule Dallas, ni jepesi zaidi kumeza. Mshindi anakwenda kukutana na The Rock kwenye WrestleMania. Kila mtu alijua ni Cena atakayekwenda, na bado wakatufanya tusiwe na uhakika, hasa pale Punk alipomgeuza Cena kichwa chini na kumshindilia turubai kama mchi kwenye kinu, mtindo ambao WWE walikuwa wameshauweka kabatini kwa sababu ya shingo za watu. Cena akanyanyua bega kabla ya tatu. Baadaye yeye mwenyewe, lile pande la mtu, akaruka na kumkaba Punk kichwa kwa miguu na kumzungusha, kitu ambacho hakuna aliyemtegemea akifanye. Akashinda. Kama unamjua Cena wa vichekesho tu, hapa utamwona Cena fundi kwa nusu ya muda wa London.

Na ukiwa na MB za kubahatisha, Trish Stratus na Lita, Raw ya tarehe 6 Desemba 2004, pambano la mwisho la usiku, haifiki robo saa. Lita aliruka nje ya ulingo, akatua vibaya kwa shingo. Unauona mwili unavyojikunja, na unajua hilo halikupangwa. Akainuka, akamaliza, akabeba mkanda wa wanawake. Ukiwa unatazama na mtoto mdogo, ruka sehemu hiyo.

Wa Lubumbashi na Bukavu, mnaouita mchezo huu "catch", najua mtaniambia hakuna cha Marekani kinachofikia usiku wa catch wa Kinshasa, na wa Uganda mtanitajia vijana wa Mukono wanaorushana kwenye tope bila turubai. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, na huenda mkanishinda.

Kwa hiyo nimwandikie nini kijana? Kwa mtu anayependa mpira, anayetaka mshindi, na ambaye yuko tayari kukaa chini, jibu langu ni London. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini watu wazima wanapiga kelele mpaka wanapoteza sauti, New York, na asome kidogo kuhusu Danielson kabla. Mwenye papara aende Dallas. London ina kasoro moja tu kubwa, ule mwanzo wake wa polepole. Anayeuruka na kusogeza mbele hadi katikati atakuta wanaume wawili wamechoka bila kujua wamechoshwa na nini, na atasema nilimdanganya.

Nikamwandikia: "London, 2007. Usisogeze mbele. Ukishindwa kuvumilia robo saa ya kwanza, nenda New York na tusilaumiane."

Jumapili mchana akajibu. Alikuwa ametazama London yote, na bando likakata refa akiwa ameshahesabu mbili.

"Mjomba, si umeniambia Michaels ndiye aliyeshinda? Sasa mbona kidole kinanitetemeka hivi? Nirushie vocha."